Alama ya Kidole Kwenye Soli

Lifti ya jengo lile iligoma asubuhi ambayo kila mtu alikuwa na haraka. Ukumbi wa chini ulijaa mpaka mlangoni: makarani na mafaili yao, wagonjwa wa daktari wa meno wameshika mashavu, wenye simu wakipiga kelele masikioni mwa watu. Wote walikuwa wanamkodolea macho mwanamume mmoja aliyepiga magoti mbele ya milango iliyofunguka nusu, bisibisi mkononi. Huyo ndiye fundi wa lifti. Alivaa ovaroli la buluu lililonyooshwa pasi, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyesikia lawama.

Katikati ya msongamano huo akaja msusi wa saluni ya ghorofa ya sita. Gauni lake la manjano lilimkaa vizuri kiunoni, na viatu vyake vyeupe vilikuwa vipya. Alipiga hatua, mguu ukatoka, kiatu kikabaki sakafuni.

"Jamani!" akasema, amesimama kwa mguu mmoja. "Nani katema chingamu hapa? Hana adabu?"

Watu wakacheka. Fundi aligeuka, akakitazama kiatu kilichonata, na mkono wenye bisibisi ukatulia.

"Usikivute, dada," alisema. "Ukivuta inasambaa. Kaa hapo kwenye ngazi."

"Kaka, nina wateja wananisubiri."

"Na mimi nina lifti inanisubiri. Kaa."

Msusi akakaa, maana aliambiwa kwa upole uliomshangaza. Fundi aliomba barafu kwa muuza juisi wa mlangoni, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaikandamiza kwenye soli bila haraka huku makarani wakisonya. Kisha akapitisha ukingo wa rula yake, na chingamu ikabanduka nzima.

"Kumbe chingamu umeisomea!"

"Nimeishi nayo."

"Na lifti je, nayo utaikanda kwa barafu?"

Fundi akacheka. Alikuwa hajacheka muda mrefu, na kicheko kile kilimtisha mwenyewe.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Msusi alimpigia huku anasuka, simu ameibana kwa bega, na wateja wake wakajua habari zote.

"Umekula, laazizi?"

"Nakula sauti yako."

"Basi utakufa njaa, salio linakaribia kuisha!"

Hata hivyo kulikuwa na kitu. Fundi alimpa ufunguo wa nyumba yake ya vyumba viwili, lakini akiwa humo alisema kwa sauti ya chini, kama kuna mgonjwa amelala. Upande mmoja wa kitanda haukuguswa kamwe. Jioni, madirisha yakiwa yamefungwa, harufu ya mnanaa ilipita sebuleni. Msusi alitafuta sabuni inayonukia hivyo, hakuiona.

"Mbona unanong'ona, mpenzi? Tuko wawili tu."

"Mazoea," fundi alijibu, na macho yake yakaenda juu ya kabati.

Msusi hakutaka kuogopa. Alimpenda mno. Mama yake alikuwa ameshasema, "Mlete huyo fundi Jumamosi nimwone mwenyewe, kabla majirani hawajanisimulia," na kichwani mwa msusi Jumamosi ilikuwa imeshafika. Shida ilikuwa viatu. Fundi alikuwa na buti za kazi tu, zenye grisi mpaka kwenye kamba.

Ijumaa mchana, fundi akiwa kazini, msusi alipanda kiti akapekua juu ya kabati. Ndani ya mfuko wa kitambaa alikuta viatu vya ngozi vya kahawia, vizuri kabisa. Alipovigeuza alikuta donge kuukuu la chingamu chini ya kile cha kulia. Akacheka peke yake. Mwalimu wa chingamu naye kanaswa!

Alifanya kama alivyofundishwa. Alikitia kiatu kwenye friza, akasubiri, akakwangua kwa kisu. Donge lilikuwa limekandamizwa bapa, na juu yake palikuwa na alama ya kidole chembamba. Aliiona, hakuijali. Akalitupa donge chooni, akavuta maji. Viatu akavipaka rangi, akaviweka katikati ya sebule ili mwenyewe avione akiingia.

Fundi aliviona kabla hajaona kitu kingine. Alikiokota cha kulia, akakigeuza, akaipapasa soli tupu.

"Iko wapi?"

"Nini, mpenzi?"

"Chingamu!"

"Nimeitupa chooni. Kwani vipi?"

"Nani alikutuma?" Ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti ndani ya nyumba ile. "Nani alikutuma uiguse?"

"Haa! Kwani chingamu yenyewe ya nani?"

"Ya mke wangu!"

Angeongeza neno moja tu, wala wasingefika walikofika. Hakuliongeza. Msusi aliweka ufunguo juu ya meza, akachukua mkoba wake.

"Kumbe ndiyo maana unanong'ona," alisema. "Haya, msalimie."

Fundi alipiga simu, ikakatwa. Alipiga tena, ikakatwa. Saluni nzima ilikuwa inaitazama ile simu ikitetemeka kando ya vitana.

"Pokea, shoga, umtukane ushibe," alisema mwenzake wa kiti cha pili.

"Sina matusi ya kumtosha."

"Fundi lifti huyo! Anapandisha kila mtu."

Msusi alicheka kidogo, kisha akaingia bafuni kulia.

Jumamosi mlango wa mama yake uligongwa. Msusi alifungua mwenyewe. Fundi alikuwa amesimama kizingitini, shati jeupe, na vile viatu vya kahawia miguuni.

"Mkeo anajua uko hapa?"

"Sijui," alisema fundi. "Nimejiuliza njia nzima. Alishafariki."

Mikono ya msusi, aliyokuwa ameikunja kifuani, ilishuka.

"Alikuwa mtu wa chingamu ya mnanaa asubuhi mpaka jioni," fundi aliendelea. "Siku hiyo nafunga kamba za viatu, akaitoa mdomoni, akaibandika kwenye soli yangu, akaikandamiza kwa kidole. Akasema, 'Unate hapa hapa, usiende kazini.' Nilikuwa nimechelewa. Nilimfokea. Nikavaa buti, nikatoka bila kumuaga. Mchana wakanipigia, ameanguka akianika nguo. Moyo. Kile kidole ndicho kilichobaki."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo! Huo huo unaoniambia nao unakula sauti yangu."

Fundi aliinamisha kichwa. "Jana ulipoondoka nilikaa kumsubiri. Harufu yake haikuja. Nikalala, nikalala mpaka jua likanikuta kitandani. Nilipoamka nililia, na sikulia kwa sababu ameondoka. Nililia kwa sababu nilikuwa nimelala vizuri. Sasa naogopa. Nikikuoa, naogopa nitamsahau."

"Na usiponioa?"

"Nitakuwa na wawili wa kuwalilia, katika chumba kimoja."

Msusi aliegemea mlango. Alikuwa na hasira bado, na huruma, na woga pia, kwa kuwa alikumbuka jinsi alivyovuta maji bila kufikiri. Hakuwa mtu wa kushindana na marehemu. Lakini hakuwa tayari kumwacha mwanamume huyu arudi kukaa peke yake na yule kwenye nyumba yenye madirisha yaliyofungwa.

"Anaitwa nani?"

Fundi alimtajia. Jina lilitoka kwa shida, maana halikuwa limetamkwa tangu mazishini. Msusi akalirudia taratibu, na vinyweleo vya mikono vikamsimama.

"Jina zuri," alisema. "Mimi sitamfukuza. Lakini nyumbani kwangu sitanong'ona."

"Nyumbani kwako?"

"Umesikia."

Kutoka ndani mama yake akaita. "Wewe mtoto! Huyo mgeni yuko peke yake, au kaja na mtu? Nipange viti!"

Msusi alimtazama fundi, akamshika mkono.

"Wako wawili, mama."

Mama mtu, mjane wa siku nyingi, alikuja akachungulia mlangoni. Alimwona mwanamume mmoja tu, na uchochoro mtupu nyuma yake. Aliutazama uso wa binti yake kwa muda, akarudi ndani, akaongeza kiti.