Nyumba Isiyogusa Kinamasi

Hohepa alirudi kutoka kinamasini na buti kavu. Dada yake, Rawinia, aliliona hilo akajisemea labda kapita kwenye njia ya mbao, ingawa njia hiyo ilikuwa haijafika huko alikokwenda kupima maji.

Nyumba hiyo ya utafiti, kule Waikato, aliichora Rawinia mwenyewe. Ilisimama juu ya nguzo sita nyembamba za chuma, mimea iendelee kuota chini yake, na hakuna tone la maji lililoruhusiwa kumwagika nje. Shangazi yao, Mereana, aliomba jambo moja tu: bomba mlangoni. Katika kinamasi kile walizikwa watu wa kale, na kwa mila ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, mtu akitoka kwa wafu hunawa kwanza, ndipo aingie ndani.

"Maji yataharibu mimea, Shangazi," Rawinia alimjibu. "Tutanawa tukifika nyumbani."

"Kwani hapo mnapolala mtapaita nini?"

Rawinia alicheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya tatu Hohepa alikunywa chai ikitokota bila kuipuliza, na pumzi yake ikanuka matope. Rawinia aliingiwa na hofu. Tangu wazazi wafe, hakuwa na mwingine ila mdogo wake huyo. Akampigia shangazi simu, akamwambia kuna kitu kimemwingia Hohepa.

Mereana alifika asubuhi yenye ukungu. Aliomba dua, akanyunyiza maji kila pembe. Hohepa alikaa mezani akimtazama kwa adabu, hata akaitikia dua ilipokwisha.

"Kimetoka?" Rawinia alinong'ona.

"Kitoke wapi, mwanangu?" Shangazi alirudi nyuma hadi mlangoni. "Huyu hakuingiwa na kitu. Hohepa hayumo humu kabisa."

Ndipo wakasikia kugongwa, si mlangoni wala ukutani bali chini ya sakafu, polepole, na sauti ya Hohepa, dhaifu, ikiita dada, dada, na Rawinia akatoka mbio, akajitosa matopeni chini ya nyumba, akachimba kwa kucha, aking'oa mimea aliyoilinda miaka mitatu, na kila alipochimba shimo lilijaa maji meusi, na sauti ikazidi kushuka.

"Nipo, mdogo wangu! Nipo hapa!"

"Dada," ilisema sauti toka chini, "nipe..."

Ikakatika.

"Mkono," ikamalizia sauti ileile, juu, mezani.

Rawinia aliendelea kuchimba.