Aliyeivaa Saa ya Msoma Mita

Asubuhi ya siku ya tano, mguu ulipokubali tena kuingia kwenye kiatu, msoma mita alinyoosha mkono kuichukua saa yake kwenye msumari wa ukumbini, akaikuta inatembea.

Haikupaswa kutembea. Saa ile haikuwa na betri. Ilijitia ufunguo kwa mtikiso wa mkono wa mvaaji, na fundi aliyemuuzia alimwambia waziwazi kwamba akiivua itakwenda siku moja na nusu, kisha italala mpaka aivae tena. Sasa ilikuwa imening'inia siku nne, tangu alipoteguka kifundo cha mguu, na mshale wa sekunde ulikuwa unakata mbuga kana kwamba saa imevuliwa dakika ile ile. Aliisogeza karibu na macho. Mkanda ulikuwa na unyevu. Na ule mkunjo unaoachwa na bizimu, kile kifungio cha chuma, haukuwa kwenye tundu lake la nne. Ulikuwa kwenye tundu la mwisho kabisa, la mkono mwembamba ambao nyumbani kwao hakuna aliyekuwa nao.

"Baba watoto, umeivaa saa yangu?"

Mumewe alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, uso kaugeuzia jua. Mtaa mzima bado ulimwita Dereva, ingawa macho yalikuwa yamempa mkono wa kwaheri, mwaka wa tatu sasa, baada ya miaka ishirini na sita ya kuendesha malori.

"Kipofu avae saa aangalie nini?" alisema, akacheka peke yake.

Mkewe hakuwa na nguvu ya kubishana. Aliivaa, akachukua daftari, akatoka.

Saa ile alikuwa ameitafuta sana kabla ya kuipata. Kazi ya kusoma mita za maji inakula saa kama watoto wanavyokula njugu. Ya kwanza ilizama kwenye kishimo cha mita. Ya pili mkanda wake wa plastiki ulipasuka kwa jua. Ya tatu iligongwa na kifuniko cha chuma, kioo kikaingia ndani. Na ofisi ilitaka kila namba iandikwe pamoja na saa iliposomwa, la sivyo urudi ukasome upya. Mwisho alikwenda kwa fundi saa, kwenye kibanda chake cha bati chenye meza moja na taa moja.

"Mama, wewe huhitaji saa nzuri," fundi alimwambia. "Unahitaji saa ngumu. Chuma kizima, mgongo wa kuskuru, kioo kinene, mkanda wa turubai unaofulika. Usiku ioshe kwa maji safi. Usifungue hiki kifunguo cha pembeni, cha kurekebishia, mkono ukiwa umelowa. Itakupita dakika nne kwa wiki, uirekebishe Jumapili. Hiyo utazikwa nayo."

Miezi saba waliishi vizuri, yeye na saa yake.

Kisha ikaja ile Ijumaa ya kuteguka mguu. Mwisho wa barabara ya mawe palikuwa na nyumba iliyofungwa muda mrefu, madirisha yamepigiliwa mbao, lakini namba za mita yake zilikuwa zinasonga. Alifunua kifuniko, akalala kifudifudi, akaingiza mkono kwenye maji machafu ili apanguse kioo. Hapo kitu cha baridi kilimzunguka mkono, juu kidogo ya saa. Hakikumvuta. Kilimzunguka taratibu, kikajibana, kikalegea, kama fundi cherehani anapochukua kipimo. Alijitupa nyuma kwa nguvu, mguu ukapinda chini yake. Alirudi nyumbani akichechemea na hakumwambia mtu. Alijiambia ni nyoka wa maji. Alijiambia ni uchovu. Saa akaitundika, akaingia kitandani, akalala siku nne.

Sasa, siku chache baada ya kurudi kazini, saa ilianza kubaki nyuma. Aliipeleka kwa fundi. Fundi aliufungua mgongo, akabana lenzi jichoni, akaichungulia mpaka mteja mwingine akachoka kungoja akaenda zake.

"Ulinunua lini hii?"

"Si kwako? Miezi saba."

"Ndiyo. Ni kwangu." Aliitoa lenzi. "Mama, hiki kipande kinachozunguka kimelika mpaka kwenye ekseli. Kulika hivi ni miaka ishirini ya mkono usiopumzika. Sijui nikuambieje. Itundike ipumzike, tuone italala baada ya muda gani."

Akaitundika. Siku tatu alikwenda kazini mkono mtupu, akiuliza saa kwa wapita njia.

Jioni ya siku ya tatu alikuwa ukumbini anakanda miguu yake kwa maji ya moto. Dereva alikuwa mchangamfu kuliko alivyomwona mwaka mzima.

"Basi yule utingo wangu wa lori, kama nilivyokuambia mchana, akashuka na koleo..."

"Mchana nilikuwa kazini."

"Ulirudi. Ulikaa hapo kitini kwako karibu saa mbili."

"Sikurudi, baba watoto."

"Niliishika saa yako mkononi mwako," alisema polepole. "Hata zile siku za mguu. Siku zote nne ulitoka chumbani ukaja kukaa nami."

Msoma mita aliacha kukanda miguu. Siku zile nne hakutoka chumbani ila kwenda chooni. Alimtazama mumewe mikono. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa. Alivigusa. Vilikuwa vya baridi, na baridi ile ilipanda mpaka kwenye kiwiko.

Kesho yake, saa sita na nusu mchana, aliiacha njia yake ya kazi, akarudi nyumbani, akavua viatu nje asisikike. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha jicho, jua limejaa ukumbini. Mumewe alikuwa anasimulia habari za lori lililozama mchangani, na kiti cha pembeni, kiti chake yeye, kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa umebonyea, na juu ya mkono wa kile kiti, hewani, saa yake ilikuwa imefungwa, bizimu imebana kwenye tundu la mwisho, mkanda umefanya duara kamili kuzunguka kitu kisichoonekana, na vidole vya mumewe vilikuwa vimetulia pembeni ya duara lile, vikipapasa kwenda na kurudi kama anavyopapaswa mtu mkono na mwenzi wake wa siku nyingi, na kila hadithi ilipofika pa kuchekesha ile saa ilitikisika kidogo, kama mkono wa mtu anayecheka bila sauti, na ukumbi wote ulinuka tope la kishimoni na kutu, na maji yalisikika yakipita ukutani mahali ambapo hapakuwa na bomba, na yeye pale mlangoni alitaka kukimbia na alitaka kuingia, asiweze moja wala jingine, mpaka mumewe aliponyamaza kuvuta pumzi, ndipo saa ikageuka polepole, uso wake ukauelekea mlango.

Alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, viatu mkononi. Aliketi kwenye jiwe. Zilikuwa zimebaki nyumba kumi na moja, na kwa kuwa hakujua la kufanya, alikwenda akazisoma zote.

Kutoka kazini alipitia kwa bibi muuza mkaa, ambaye watu walimwendea kimyakimya kwa mambo ya namna hiyo. Bibi alimsikiliza huku anapima mkaa kwenye makopo.

"Huyo wa kishimoni alikupima mkono," alisema. "Akaipenda saa, maana wao wa chini ya maji siku yao haina mwanzo wala mwisho. Alipoifuata kwako akakuta kiti kitupu kutwa, na mtu anayeongea na ukuta. Kwa nini asikae?"

"Anamdhuru, bibi?"

"Kudhuru hakusudii. Lakini anamlowesha. Muache mwezi, utamkuta hana joto tena." Alipangusa mikono. "Mzee wako mwenyewe ndiye amfukuze. Aliyempa kiti ni yeye. Kisha saa uirudishe pale pale, kwa mkono ule ule, wala usigeuke nyuma."

Usiku ule alimweleza mumewe yote, kwa sauti ya chini. Dereva hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha mkewe zaidi.

"Anasikiliza," alisema mwishowe.

"Najua."

"Wewe ukirudi unavua viatu, unakula, unalala. Sikulaumu, kazi inakumaliza. Lakini mchana ni mrefu, mama watoto."

"Kwa hiyo ulijua si mimi?"

Dereva alipapasa mkono wa kiti chake.

"Siku ya pili nilijua. Wewe huna mkono mwembamba vile."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimefika katikati ya hadithi."

Msoma mita alimshika ule mkono wa baridi, akaubana kifuani kwake, na wote wawili wakakaa hivyo kama watu waliofiwa.

Mchana uliofuata bibi muuza mkaa alikuja, akachoma majani makavu kwenye kigae, moshi ukajaa ukumbini. Msoma mita alisimama nyuma ya pazia. Harufu ya tope ilikuja kwanza, kisha maji ukutani, kisha saa ikajitoa msumarini na kuketi. Mto ukabonyea.

Dereva alikigeuzia kile kiti uso. "Leo hakuna hadithi," alisema. "Umenisikiliza vizuri, nimeshukuru. Lakini mke wangu ninaye. Nenda kwenu."

Saa haikusogea. Maji yakaongezeka, yakavuma ukutani kama mto uliofurika, na Dereva akaanza kutetemeka meno, lakini mkono wake aliuondoa pale kitini, akauficha kwapani.

"Nenda," alirudia, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Saa ilianguka sakafuni.

Msoma mita aliiokota, akaivaa, akatembea nayo mpaka mwisho wa barabara ya mawe. Ilikuwa nzito kama tofali. Alifunua kifuniko, akalala kifudifudi, akauzamisha mkono hadi kiwikoni. Alingoja. Kikaja kile kitu cha baridi, na hakikuwa na haraka: kilitafuta bizimu, kikaichomoa, kikaulegeza mkanda tundu baada ya tundu, kama mtu aliyezoea kujivua saa yake mwenyewe arudipo kutoka kazini. Alitoa mkono. Alirudisha kifuniko. Hakugeuka.

Wiki ya pili vidole vya Dereva vilirudiwa na rangi. Msoma mita alinunua saa ya betri ya bei rahisi kwa fundi. Aliomba apewe mitaa ya karibu, ofisi ikakubali baada ya manung'uniko mengi, naye akawa anarudi mchana kuketi na mumewe saa nzima. Aliongea zaidi yeye: nani ana mbwa mkali, nani mita yake imekwama, nani kamkaribisha maji ya kunywa na nani kamfungia mlango. Siku nyingine ulimi ulikuwa mzito kama gunia, lakini aliongea.

Siku moja ya joto kali aliishia katikati ya habari ya nyumba ya saba. Kichwa kiliangukia kifuani, usingizi ukamchukua akiwa amekaa.

"Endelea, mama watoto," Dereva alisema kwa upole. "Tunakusikiliza."

Alifumbua macho. Mumewe alikuwa anatabasamu, uso umeelekea dirishani, mikono yote miwili mapajani, mikavu. Ukumbini hakukuwa na harufu yoyote. Alitaka kumwuliza yeye na nani. Lakini miguu ilikuwa inawaka moto, na nyumba tisa zilimngoja bado, na hakujua, kama jibu lingekuja, angelipeleka wapi.

"Basi," akasema, "nikafika nyumba ya saba."