Panya wa Saba

Mtaa mzima ulimwita Mama Panya, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kutunza panya weupe wa maabara. Aliwalisha, akawapima uzito, akawabadilishia maranda kwenye vizimba. Maranda yenyewe yalitoka kwenye karakana ya mumewe, fundi seremala.

Fundi alikuwa na shida. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba na kina joto. Randa haishikiki. Wiki ya tatu sasa, kitanda cha mteja kilikaa hakina miguu.

Jioni moja wakila, Mama Panya alisimulia mambo ya kazini.

"Tunajaribu dawa ya majani. Panya wote wamevimbishwa mguu mmoja kwa sindano. Nusu tumewapa dawa, tone moja kwa siku, nusu maji matupu. Waliopata dawa, siku ya tatu uvimbe umenywea."

"Majani gani?"

"Si haya haya ya uani kwetu!"

Fundi akageuza macho kuelekea uani. Mkewe hakushtuka, akaendelea kula.

Siku nne baadaye, Mama Panya alitoka kazini akakuta jikoni sufuria ya maji ya kijani. Kando yake palikuwa na kipande cha ubao chenye hesabu za penseli. Fundi alikuwa amejilaza mkekani, ameshika tumbo. Macho yake yalikuwa ya manjano.

"Baba watoto, hesabu hii ya nini?"

"Panya gramu thelathini. Mimi kilo sabini na tano. Kabati dogo ukitaka liwe kubwa, si unazidisha vipimo? Nimezidisha lile tone la panya mara elfu mbili na mia tano."

Mama Panya alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Aliogopa sana.

"Mwili si kabati, Fundi. Dawa inayomfaa panya inaweza kukudhuru wewe. Na habari haikuishia pale. Panya wa saba, mguu wake ulipona kabisa. Jana tumemkuta amekufa. Ini limeharibika."

Fundi akaketi. "Na mguu ulipona?"

"Ulipona, naye akafa. Ndiyo maana tunaanza na panya. Kikipatikana kipimo salama, wanafuata watu wachache waliokubali wenyewe, daktari akiwaangalia. Ni kazi ya miaka."

Walikwenda hospitali saa ile ile. Daktari alimpima damu.

"Ini limeumia, lakini mmewahi," alisema. "Majani nayo ni dawa, na kila dawa ina kipimo chake. Acha kabisa."

Ini lilipopona, ndipo daktari alipompa Fundi dawa ya uvimbe, ya kunywa baada ya kula. Pia alimfunga bandeji ili kupumzisha mkono.

Miezi miwili baadaye kitanda kilipata miguu. Asubuhi hiyo Fundi alijaza maranda kwenye gunia mwenyewe, akitoa kibanzi kimoja kimoja kisije kikamchoma panya.

"Kizimba cha saba yuko nani siku hizi?" aliuliza.

"Panya mwingine."

"Mwekee maranda mengi," alisema Fundi, akamtwisha mkewe gunia.