Kitovu cha Gurudumu la Ihanja

Kila siku baada ya masomo ya asubuhi, wanafunzi wa Mtakuja walishuka kwenye karakana ya kijiji. Mtakuja, kijiji cha Ujamaa kando ya mto, kilijulikana kwa kuunda magari ya ng'ombe. Kila gari lilichomwa herufi M kwa chuma cha moto, na wanunuzi wa Mkiwa na Itigi walipoiona hawakukagua tena.

Theodora wa darasa la sita alikabidhiwa vitovu, yale magogo mazito ya katikati ya gurudumu. Alipaswa kuvifunika kwa mchanga mbichi wa mto ili vikauke polepole. Mchana mmoja aliviacha juani akaenda kucheza rede. Aliporudi, kimoja kilikuwa kimepasuka. Bila kumwambia mtu, alichanganya nta ya nyuki na unga wa mbao, akaziba ufa, akapaka mafuta juu yake. Mafundi wakakiunda katika gurudumu la kushoto la gari lililoagizwa na watu wa Ihanja.

Siku ya wajumbe wa Ihanja kuchukua gari lao, rafiki yake Raheli alimcheka.

"Mbona umenuna kama umemeza msumari? Gari letu linakwenda Ihanja!"

"Litabeba nini?"

"Mtama. Na wagonjwa wa kwenda zahanati."

Theodora aliinuka. Mzee Melkiori, fundi mkuu, alikuwa tayari ameshika chuma chekundu.

"Shikamoo, Babu. Tafadhali usilichome alama!"

"Marahaba. Kuna nini?"

"Gurudumu la kushoto ni bovu. Niliziba ufa kwa nta."

Mzee alichokoa kitovu kwa ncha ya kisu. Nta ikabanduka, ufa ukaonekana. Akakirudisha chuma motoni.

"Ndugu zetu," aliwaambia wageni, "mtatusubiri kidogo."

Aling'oa gurudumu la gari la kijiji chenyewe, akalifunga kwenye gari la Ihanja, ndipo akalichoma alama. Hivyo, mavuno ya Mtakuja yalibebwa vichwani hadi kitovu kipya kilipokauka chini ya mchanga. Theodora alikifunika kila mchana, kisha akajitwisha mtama pamoja na wakubwa, shingo ikimuuma, bila kulalamika.

Gurudumu jipya lilipokamilika, Mzee Melkiori alimwita.

"Alama hii haisemi kwamba sisi hatukosei, mjukuu wangu. Inasema kwamba hatumpi mtu kitu tunachojua ni kibovu. Ulipoteleza, uliichafua; uliposema kweli mbele ya wageni, uliisafisha. Uvivu huanza na jambo dogo, na uongo huja kuuficha. Kataa vyote viwili."

Kisha akampa kile chuma cha moto.

"Haya, choma wewe."

Theodora alikikandamiza kwenye gurudumu jipya kwa mikono miwili. Moshi ulipotawanyika, herufi M ilikuwa imesimama wima.