Letisia na Pumzi ya Kilima

Kila Jumamosi alfajiri, Letisia aliteka maji, akafagia uwanja wa shangazi yake Imelda, kisha akafunga kamba za viatu na kushuka hadi kanisani. Hapo ndipo klabu ya mbio ya mtaa wao wa Gitega ilipokutana kabla ya kazi za pamoja za kusafisha mtaa: wanafunzi, wenye maduka, hata akina mama walioambiwa na daktari wapunguze mwili. Hawakukimbia kwa kushindana. Walikwenda kundi moja, wakiimba na kupiga makofi, na mtaani aliyekuwa bado amelala, shauri yake.

Letisia alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikulia Tanzania, na familia iliporudi Burundi walikaa Muyinga kwa bibi yake Lucia. Huko ndiko mama yake alikofariki, baba akiwa ametangulia zamani. Baada ya mazishi shangazi Imelda alimchukua Gitega asome, na mdogo wake Nazario akabaki na bibi. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga Muyinga, na kila usiku aliliwaza lile kaburi.

Basi siku moja mwalimu Fabiano, kiongozi wa klabu, akatangaza, "Wenzetu wa Muyinga wametualika. Lakini kule kuna kilima, tena si mchezo. Nitawapeleka wale tu wanaomaliza mbio zetu bila kuachwa nyuma."

Moyo wa Letisia uliruka. Tatizo ni kwamba alikuwa mgeni wa mbio, na pumzi zilimwishia mapema.

Fabiano alikuwa na desturi yake. Alikimbia mbele, hakugeuka nyuma, alisikiliza tu. Anayeweza kuimba, pumzi anayo. Sauti zikififia, Fabiano hupunguza mwendo. Kila mtu alilijua hilo, na Letisia pia alilijua. Akaogopa kwamba akinyamaza atajulikana, aachwe kwenye safari. Basi akawa anajipenyeza katikati ya wenye sauti kubwa, anafungua mdomo na kuufunga kama anaimba, kumbe hakitoki kitu! Nyimbo zenyewe zilikuwa za Kirundi, na maneno mengi hakuyajua.

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi moja, kwenye mwinuko wa barabara ya Buraza, Letisia aliona giza, akaanguka katikati ya watu. Mama Zaituni, mshonaji wa sokoni aliyekuwa nyuma yake, akajikwaa juu yake na kuangukia mkono. Lo, ukavunjika!

Watu walimlaumu nani? Walimlaumu mama Zaituni. "Hakutazama mbele, akamwangusha mtoto," walisema. Letisia alisikia yote, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Jumapili shangazi alimtuma apeleke uji kwa mgonjwa. Akamkuta mama Zaituni ameketi karibu na cherehani yake, mkono umefungwa shingoni, na kitambaa cha mteja hakijaguswa. Mwalimu Fabiano naye alikuwa amekuja kumjulia hali.

"Karibu, mwanangu," alisema mama Zaituni. "We iko mzima? Unisamehe. Mi sijui nilikuwa naangalia wapi."

Letisia alishindwa kuvumilia. Machozi yakamtoka. "Mama, si wewe. Nilianguka mwenyewe. Pumzi zilikuwa zimeniishia zamani. Nilikuwa najifanya naimba."

"Kumbe! Na mi nilikuwa naona mdomo unacheza!"

Fabiano alimgeukia. "Kwa nini, Letisia? Ungenyamaza, ningesikia."

"Niliogopa utaniacha, mwalimu. Mama yangu amezikwa Muyinga."

Fabiano akasema taratibu, "Pole, mwanangu. Lakini siwezi kukupandisha kilima kwa huruma, utaumia. Utaanza upya, nyuma kabisa. Kimbia kidogo, tembea, kimbia tena. Pumzi haiombwi, inajengwa. Na Jumamosi utawaambia wote ulichotuambia hapa."

Aliwaambia. Aibu aliyoiona siku hiyo hakuisahau.

Tangu hapo alikaa nyuma, pamoja na mama Zaituni aliyekuwa akitembea tu kwa ajili ya mkono wake. Kasiano, mvulana wa darasa lake, alimcheka, "Ee, bi harusi huyo! Anasindikizwa na wazee!" Ilimuuma, lakini aliendelea. Katika kutembea, mama Zaituni alimfundisha nyimbo, neno kwa neno. Mwanzoni Letisia alikimbia hadi sokoni tu, akatembea. Kisha akafika kwenye mikaratusi, kisha darajani. Miguu ilimuuma, shangazi akaisugua kwa mafuta. Siku moja alishtuka yuko juu ya mwinuko ule wa Buraza, na bado anaimba. Akacheka kwa sauti. Hakuwa amecheka hivyo tangu mazishi.

Fabiano akampeleka Muyinga pamoja na wenzake.

Kilima kilikuwa kirefu kweli, na malori ya kwenda Tanzania yaliwapita yakinguruma. Katikati ya mlima Letisia alihisi kifua kinabana. Juu kule alijua bibi na Nazario wanamsubiri, na kishawishi kile cha zamani kikamjia: chezesha mdomo tu, nani atajua? Badala yake akanyoosha mkono na kuita, "Mwalimu, pumzi!"

Fabiano akapunguza mwendo. Kundi zima, wageni kwa wenyeji, likapunguza pamoja naye. Hakuna aliyecheka. Kasiano, jasho likimtiririka, alinong'ona, "Asante, dada. Hata mimi nilikuwa nakwisha." Walifika juu wote, wakiimba.

Jioni bibi Lucia aliwapeleka wajukuu wake kaburini. Waling'oa majani, wakasali. Letisia akamsimulia bibi kila kitu, tangu wimbo wa uongo hadi mkono uliovunjika.

Bibi akasema, "Mama yako nilimuuliza kila asubuhi, umeamkaje? Akanijibu, sijambo, mama. Homa inamla ndani, yeye sijambo. Hakutaka kutusumbua. Siku aliposema kweli, hospitali haikuweza tena. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mjukuu wangu, mwili ukikushinda, sema. Wanaokupenda hawawezi kukusubiri kama hawajui kwamba umechoka."

Letisia alilia, na bibi hakumnyamazisha. Walipoinuka kurudi nyumbani, Nazario alimtazama usoni. "Dada, umechoka?"

"Ndiyo, mdogo wangu, nimechoka sana. Twende polepole."

Wakaenda polepole.