Talaka Mbele ya Kamera

“Mtaje jina! Mtaje na jina la baba yake, Mtoro, la sivyo haichomi!”

Huyo ni Nicolaus, mwongozaji wetu, mtu wa Morogoro aliyekuwa akipiga video za harusi Dar es Salaam hadi siku alipoamua kwamba naye anaweza kutengeneza filamu. Alisimama uani mwa nyumba moja ya wageni pale Ikwiriri, kofia kaigeuza nyuma, jasho linamtiririka. Mtoro ni mume wangu. Mimi, Warda binti Mwinjuma, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mume wangu nikilia machozi ya kitunguu, maana filamu ilitaka mume amfukuze mkewe kwa ajili ya hawara wa mjini.

“Bwana Nicolaus,” nikasema, “kwani hatuwezi kutumia majina mengine?”

“Dada, watu wanapenda majina yenu wenyewe. Mtu akikukuta sokoni akuite Warda. Hivyo ndivyo watu wanavyokuwa mastaa.”

Nikainuka, nikamvuta Mtoro kando, karibu na pipa la maji.

“Mume wangu, neno hili mie linanitisha. Talaka si kitu cha kuchezea.”

“Nimeshamuuliza Maalim Shaabani.”

“Lini?”

“Alhamisi. Kasema mchezo ni mchezo, hakuna neno.”

“Kasema kwa kinywa chake?”

“Kwa kinywa chake. Warda, weye ni mke wangu. Mie naweza kukutia hatarini kweli?”

Nikamwamini. Ningeacha kumwamini yeye, ningemwamini nani? Miaka saba tulikuwa tunahangaika na uigizaji sisi wawili. Tulianza na michezo ya kampeni za afya, tukicheza mbele ya zahanati, malipo yenyewe soda na fulana yenye maandishi mgongoni. Mara tatu tulikwenda Dar kwenye usaili. Mara ya kwanza tukaambiwa tunaongea Kirufiji sana. Mara ya pili basi tulilolisubiri kutoka Lindi likaharibika Nyamwage, tukafika wenzetu wanafunga mlango. Mara ya tatu walinitaka mimi peke yangu, na aliyenitaka alitaka kwanza twende tukanywe bia. Mtoro alimkunja shati, tukafukuzwa wote wawili. Ukisikia watu wanasema sanaa ina raha, waulize wameifanyia wapi.

Ndiyo maana Nicolaus alipokuja na kamera, tulimpokea kama mkwe. Nguo za filamu zilitoka sandukuni mwangu. Chakula cha watu nilipika mwenyewe, halafu ndiyo nikaenda kulia. Na kamera ilikuwa ya kuazima, mwenyewe ana harusi ya kupiga Jumamosi. Kila kitu mbiombio.

“Haya, tayari? Akisheni!”

Mtoro akaninyoshea kidole. “Warda binti Mwinjuma, nimekuacha! Toka kwangu!”

Lori la ufuta likapiga honi barabarani, ndefu, likaharibu sauti.

“Kata! Pumzikeni kidogo, turudie.”

Tukanywa maji. Tukarudia.

“Warda binti Mwinjuma, nimekuacha! Toka kwangu!”

“Kata! Mtoro, umeitazama kamera! Usiitazame kamera, kaka! Mpeni maji. Mara ya tatu iwe ya mwisho, betri inakufa.”

Mara ya tatu mume wangu aliigiza mpaka mwili ukanisisimka. Sauti ilimkatika hasa, macho yakamwiva, na mimi kitunguu sikukihitaji tena.

“Kataaa! Hiyo sasa! Hiyo ndiyo ya kwenda Dar!”

Tulikumbatiana pale pale uani. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Siku hiyo nilijiona nimefika.

* * *

Wiki tano baadaye kanda ikaletwa Ikwiriri, ikaonyeshwa kwenye banda la video la Khamisi. Khamisi ana spika moja kaiweka nje ili wapita njia wavutike waingie. Wakavutika kweli. Siku ya pili tu, baba yangu alikuja kutoka Mbwera na mpunga wake, akawa anapita zake barabarani, akasikia jina lake linatajwa kwenye spika. Akaingia, akaketi na watoto wa mjini, akaitazama filamu mpaka mwisho.

Nilikuwa naosha vyombo simu ilipolia. Ujumbe ulitoka namba ya Khamisi.

“Warda, ni baba yako, Khamisi ananiandikia. Nimesikia mumeo alivyokutamkia. Msigusane mpaka nifike. Alasiri tunakwenda kwa Maalim Shaabani wote watatu.”

Nikampa Mtoro simu. Alisoma mara mbili, akakaa juu ya ndoo.

“Mbona umebadilika rangi?” nikamuuliza. “Si Maalim mwenyewe alisema hakuna neno?”

“Alisema, ndiyo. Lakini wazee hawa... mbele ya baba yako anaweza kugeuka.”

“Ageuke vipi?”

“Warda, nisikilize. Kanda inaonyesha mara moja. Umenielewa? Nicolaus zile mbili kazikata. Wakisema ni talaka, basi ni moja, na moja nakurejea leo leo, tunarudi kula. Zikiwa tatu...”

Hakumaliza. Zikiwa tatu hakuna kurejea. Kila mtu wa huku kwetu anajua hilo tangu hajaota meno ya pili.

“Kwa hiyo tuseme moja,” nikasema.

“Tuseme moja. Anayejua ni Nicolaus na watu wake waliorudi Dar, na Nicolaus ni Mkristo wa watu, nani atakwenda kumuuliza?”

“Na Mungu?”

“Mungu anajua tulikuwa kazini.”

Nikakubali. Msinihukumu haraka. Nilimpenda Mtoro kiasi kwamba uongo mmoja niliuona mdogo, na mimi ni mwigizaji, kusema jambo lisilokuwepo nikaaminika ndiyo kazi niliyohangaikia miaka saba.

* * *

Maalim Shaabani alitupokea barazani kwake. Baba alikaa kulia, mimi na Mtoro tukakalia mkeka, katikati yetu pengo.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba, wanangu. Mzee Mwinjuma kanieleza. Mtoro, ulitamka?”

“Nilitamka, Maalim, lakini ni filamu. Nilikuwa namuigiza mtu.”

“Huyo mtu jina lake nani?”

“Mtoro.”

“Na mkewe?”

“Warda.”

“Binti nani?”

Mtoro akainamisha kichwa. “Binti Mwinjuma.”

“Basi huyo mtu ni wewe, mwanangu. Ungemwacha Asha wa kwenye karatasi, ningesema unasimulia hadithi. Umemnyooshea kidole mkeo, umemtaja yeye na baba yake. Kuoa, kuacha na kurejea, kwetu sisi havina mzaha.”

“Wallahi, Maalim, sikujua!”

“Usiape.”

“Sikujua kwamba neno...”

“Nimekwambia usiape!” Mzee wa watu sikuwahi kumsikia akipaza sauti. “Alhamisi ile ulikaa hapo hapo ulipokaa. Ukaniuliza. Nilikujibu nini?”

Baba akageuza shingo taratibu, akamtazama mkwewe.

“Nilikujibu nini, Mtoro?”

“Ulisema... nisimtaje.”

“Nilisema nini tena?”

“Ulisema nikimtaja kwa jina lake, hutakuwa na la kunisaidia.”

Maalim akanigeukia. “Na wewe, mwanangu, alikwambia nimesema nini?”

Nikautazama mkeka. “Alisema umesema mchezo ni mchezo, hakuna neno.”

“Warda,” Mtoro akaninong’oneza, “nitakueleza nyumbani.”

“Nieleze hapa.”

“Nicolaus aliniambia nikishindwa kulitamka, ana mtu mwingine wa kuchukua nafasi yangu. Na akaniahidi kazi Dar. Warda, miaka saba! Ningekuambia ungekataa.”

“Ndiyo, ningekataa.”

“Basi ndiyo hivyo.”

“Ndiyo hivyo nini, Mtoro? Roho yangu na yako umezitia kwenye kanda ya saa moja na nusu, halafu unaniambia ndiyo hivyo?”

Baba akakohoa. Yeye si mtu wa maneno mengi. “Maalim,” akasema, “alichofanya kijana ni kibaya. Lakini mimi pale kwa Khamisi nimesikia mara moja. Kama ni moja, arudi kwa mkewe, akome.”

Nilimuona baba yangu anavyotaka iwe moja. Alimpenda Mtoro. Alikuwa akimwachia samaki mkubwa kila akija.

Maalim akashusha pumzi. “Kama ni moja, eda haijaisha. Atamke hapa hapa kwamba amemrejea, mashahidi sisi, mwende zenu. Lakini lazima niulize. Warda, alitamka mara ngapi?”

Mtoro akanikazia macho. Alikuwa ananiomba, na nilimuona wazi kwamba ananipenda. Hapo hapakuwa na uigizaji. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Moja. Ningesema moja, tungetoka pale tumeshikana mikono, tungefika nyumbani ningepasha wali. Na kila siku ya maisha yangu ningelala na mwanamume aliyejua kwamba si halali yangu, akanyamaza, maana nafasi ya filamu ilikuwa mbele. Wiki tano alikuwa ameshanifanyia hivyo bila mimi kujua. Sasa alitaka nimsaidie.

“Mara tatu,” nikasema.

“Warda!”

“Lori lilipiga honi, tukapumzika. Akarudia, akatazama kamera, tukapumzika. Akarudia. Mara tatu, Maalim. Nilikuwa nimepiga magoti, nilizihesabu.”

Baba akajifunika uso kwa kofia yake. Maalim akasema kwa sauti ya chini, “Mwinjuma, mchukue mwanao.”

* * *

Mtoro alinifuata mpaka njiani, analia kama mtoto.

“Tutakwenda kwa masheikh wa Dar! Wapo watakaosema vingine!”

“Wapo. Utawaeleza na ile Alhamisi?”

Akafuta machozi kwa kiganja. Halafu, heri asingefungua mdomo tena.

“Basi sikiliza. Ikiisha eda nitamtafuta mtu. Akuoe siku mbili tu, akuache, nikuoe upya. Watu wanafanya.”

“Na huyo naye utamwambia ni mchezo?”

“Warda, nakupenda!”

“Najua. Mie pia nakupenda, Mtoro, na ndiyo maana sitaki kukutazama.”

Kesho yake baba alinipakia kwenye boti ya mashine pamoja na magunia yake matupu, tukateremka mtoni hadi Mbwera. Mama, jina lake Mwanahawa, alinipokea bila swali. Alinitandikia chumba cha nyuma, akaniletea maji ya kuoga, akakaa mlangoni nilie.

Nilikaa eda. Kwetu mtandao haushiki ila nyuma ya jiko, basi mchana naweka simu pale juu ya jiwe, nasikia ujumbe unaingia. Mtoro alituma mwezi mzima. “Nisamehe.” “Nimekonda.” “Nipo Dar, nimeanza kazi, bila wewe haina ladha.” Sikujibu hata mmoja. Kisha akaacha kutuma, na hilo nalo likaniuma.

Siku moja, eda imebakiza siku chache, ukaingia ujumbe wa Nicolaus.

“Dada Warda pole sana kwa yaliyowakuta. Mtoro kanieleza yote. Ile filamu watu wameipenda. Nataka kutengeneza hii stori yenu, talaka ya kwenye filamu iliyogeuka kweli. Mtoro kakubali kucheza mume. Wewe cheza mke. Hii ndiyo itakutoa.”

Nilisoma nimesimama, moshi wa jiko unaniingia machoni. Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofanya ni kuitafuta sura ya kuigizia. Niliipanga palepale: jinsi nitakavyogeuka kumtazama Maalim, mahali nitakapovuta pumzi kabla ya kusema mara tatu. Niliijua sehemu ile kuliko mwigizaji yeyote Tanzania nzima.

“Nani huyo?” mama akauliza kutoka ndani.

“Watu wa kazi, mama.”

“Kazi ipi tena, mwanangu?”

Nikaandika: “Siwezi kukaa mbele ya Mtoro nikaitwa mke wake. Weka mwanamume mwingine nitakuja.”

Jibu halikuchukua muda.

“Watu wanamtaka Mtoro, sura yake ndiyo inauza. Fikiria dada.”

“Nimefikiria. Siwezi.”

Nikasubiri nyuma ya jiko. Nilidhani atanibembeleza, walau mara moja. Wali wa mama uliiva, akapakua, akaniita mara mbili. Ndipo simu ikalia.

“Sawa nimekuelewa. Nimempata Johari, binti wa pale Kibiti, mnafanana kidogo. Naomba unitumie lile gauni lako ulilovaa siku ile. Na umweleze kidogo ulijisikiaje.”

Siku ya Maalim nilitaka kulia, nikaona aibu ya baba aliyekuwa mbele yangu, nikajizuia. Nyuma ya jiko sikujizuia. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeungua.