Droo ya V Imekwenda Wapi?

Yowe lilitoka ghorofa ya tatu saa moja na nusu asubuhi, na watu wa ofisi za chini wakadhani kuna nyoka. Hapakuwa na nyoka. Palikuwa na tundu la mraba kwenye kabati la kamusi, mahali ambapo jioni iliyopita ilikuwepo droo ya herufi V, na mbele ya tundu hilo karani, binti mdogo, amejishika kichwa.

Inspekta alipofika, kesi ilikuwa imeshahukumiwa. Mhariri mkuu, mzee ambaye jengo zima lilimwita Babu Kamusi, alisimama koridoni, kidole kimemwelekea karani, sauti imepanda hadi ngazini.

"Mwizi huyu hapa, Afande! Ndiye aliyefunga mlango jana. Mchukue! Na kazi hana tena!"

Binti alikuwa akilia bila kujificha. Ndiyo kwanza ana mwezi mmoja kazini, na ukishaitwa mwizi mbele ya jengo zima, nani atakuajiri?

Inspekta, mwanamke mfupi asiyejua kutembea polepole, alisikia moyo ukimdunda kwa furaha. Wizi wa simu na baiskeli ulikuwa umemchosha. Leo kuna mtu kaiba maneno!

"Nieleze kabati lako, Babu," alisema.

Mzee alieleza, hasira ikipungua kadiri alivyoyataja mapenzi yake. Humo mlikuwa na maneno ya kale ya Kiingereza ambayo Waingereza waliyachukua kwa Warumi, kila neno na kadi yake. Na sheria ya nyumba ilikuwa moja: neno halipangwi kwa herufi yake ya Kiingereza, bali hulala kwa mzazi wake wa Kilatini. Kwa hiyo *wine*, mvinyo, haikai W. Inakaa V, kwa *vinum*. Na *wall*, ukuta, iko papo hapo, kwa *vallum*.

"Saa sita mchana mpiga chapa anakuja kuchukua kadi zote. Bila V, hachapi kitu."

"Funguo za chumba hiki ziko ngapi?"

"Tatu. Yangu, ya huyu binti, na ya Daktari wetu wa Kilatini."

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa fundi seremala, kwa kuwa jana alikuwa akirekebisha droo zilizokwama.

"Droo ya V uliigusa, fundi?"

"Niliipiga randa kidogo, nikairudisha. Afande, mimi droo yenye makaratasi ya watu niipeleke wapi? Nikakaangie samaki?"

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, pamoja na dada huyu. Nilikuwa napiga msasa droo ya K, akanisukuma, akachomeka kadi moja humo mbiombio. Nikamuuliza, *kettle* ndiyo nini? Akasema birika. Tukatoka, akafunga, V ikiwepo."

Inspekta alimgeukia karani. "Birika lilikuwa na haraka gani, mdogo wangu?"

"Nilikosea, Afande," binti alisema akijifuta machozi. "Nilikuwa nimeitoa kuichapa, nikairudisha K kama neno la kawaida. Usiku ndiyo nikakumbuka kwamba hulala kwa mzazi wake. Nimewahi leo niitoe kabla Babu hajaiona. Nimeikuta haipo, kugeuka, na V nayo haipo!"

"Mzazi wake nani?"

Hapo binti alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Usiulize hilo kwa sauti. Babu anasema *catinus*. Daktari anasema *catillus*. Wamegombana tangu sijazaliwa. Safari hii Babu kaamua ichapwe ya kwake."

Inspekta alikuwa keshalifikia kabati. Alivuta droo ya C, akapekua kadi hadi kwenye *catinus*. Hapakuwa na birika. Akarudi nyuma kidogo. Alipoiona kadi aliyoitafuta, nusura apige kelele. Hakuigusa.

"Mwiteni Daktari."

Daktari aliingia amenyooka, tai imekaa sawasawa. Alisema jana usiku alikuwa kwake akisoma. Alipokuwa akisema, mkono wake ulizipanga kalamu za Inspekta mezani, zote zikatazama upande mmoja.

"Umefika kabatini leo, Daktari?"

"Ndiyo kwanza naingia humu."

"Babu, na wewe?"

"Tangu jana mchana sijagusa kadi hata moja. Nilikuwa koridoni nikipiga kelele."

"Basi nani kaitoa kadi ya birika K, akailaza hapa?" Inspekta alichomoa droo nzima ya C, akaitua mezani. "Binti anamwogopa Babu, angeifuata kauli yake. Fundi hajui hata kettle. Babu mwenyewe angeilaza kwa *catinus*, afe leo afe kesho. Lakini ipo kwa *catillus*. Mwizi aliingia usiku kuchukua V, akaona kadi imekosewa mahali, na mkono wake ukashindwa kuiacha. Daktari, ni mkono wa nani huo?"

Daktari alizitazama zile kalamu zilizonyooka, kisha akakaa.

"Iko ofisini kwangu, chini ya meza," alisema. "Sikutaka kuiharibu. Nilitaka mpiga chapa arudi bure, nipate muda wa kumshawishi huyu mzee. Jina langu litatoka kwenye kitabu chenye kosa! Droo ya C, yenye neno tunalogombania, niliiacha makusudi; ningeichukua hiyo ningeshukiwa mara moja."

"Na huyu mtoto akienda jela?" Babu Kamusi alifoka.

"Wewe ndiye uliyemtaja. Mimi nilinyamaza tu."

"Kunyamaza kwako utakueleza kituoni," alisema Inspekta. "Twende."

Babu alimgeukia karani, sauti imeshuka. "Mwanangu, nisamehe. Kaa kwenye meza yako."

"Si humu, Babu." Binti hakusogea. "Mwizi uliniita koridoni. Nisafishe huko huko."

Mzee alimtazama Inspekta kama anayeomba msaada. Inspekta akamfungulia mlango.

Babu Kamusi alisimama katikati ya korido, akakohoa. "Jamani," alianza kwa sauti ya chini. Akavuta pumzi, akajaribu tena, kwa nguvu kama ile ya asubuhi. "Jamani, tokeni nje mnisikie! Huyu binti si mwizi. Nimemsingizia mimi!"

Milango ikaanza kufunguka.